Duara la Kakapel kwenye kitambaa cha meza

Mhadhara wa wazi kwa washonaji, wachoraji na walimu wa Busia na Tororo

Mada ya leo ni wachoraji wa eneo letu na namna michoro yao inavyoweza kuhamia kwenye darizi. Nitaanza na wachoraji tusiowajua kwa majina, kwa sababu kwa maoni yangu wao ndio wakubwa kuliko wote tulio nao, na tumewapita njiani miaka mingi tukielekea sokoni kununua ruwaza za maua ya nchi nyingine.

Upande wa Kenya, ndani ya kaunti hii ya Busia, kwenye vilima vya Chelelemuk huko Teso Kaskazini, kuna mwamba unaoitwa Kakapel. Mwamba wenyewe umeinama mbele kama paa, na chini yake mtu anaweza kujikinga na mvua. Ukutani kuna maduara yaliyo ndani ya maduara, kuna alama ambazo hakuna anayeweza kuzisoma kwa uhakika, na kuna ng'ombe. Wataalamu wanaona kwamba michoro hiyo haikuchorwa na kizazi kimoja. Ya kale zaidi, ile ya maduara na maumbo, huhusishwa na Batwa, watu wa kuwinda na kuokota matunda walioishi huku kabla yetu sisi sote. Ng'ombe waliletwa na wafugaji waliofuata. Na wapo wanaoona mkono wa Iteso wenyewe katika alama za karibuni. Kila aliyefika alikuta ukuta umeshatumika, akachora juu yake au pembeni, hakuufuta.

Watafiti wamechimba chini ya mwamba huo, na matokeo yao yalichapishwa 2024. Walikuta dalili za watu kukaa pale kwa zaidi ya miaka 9,000. Walikuta pia punje ya kunde iliyoungua yenye umri wa miaka 2,300 hivi, na wimbi ambalo lilikuwa limefika pale angalau miaka 1,000 iliyopita. Nimetaja kunde na wimbi kwa makusudi. Tunaposema michoro ya mwambani, wengi wetu tunafikiria watu wa ajabu wa zama zisizotuhusu. Lakini aliyekaa Kakapel alikula kunde, na baadaye mwenzake alikuwa na wimbi, ile nafaka inayotupatia pombe ya ajon mpaka leo. Huyo ni mtu wa hapa.

Upande wa Uganda, ukitoka Tororo ukapita Mbale ukafika Kumi, karibu kilomita mia moja, utakuta Nyero. Huko kuna mapango kadhaa. Moja lina maduara meupe. Lingine, ambalo ndilo maarufu, lina ukuta mrefu uliojaa maduara mekundu, na kati yake maumbo marefu ambayo wengi huyaona kuwa mitumbwi. Michoro ya ukoo huo iko pia Mukongoro, iko Kakoro, iko Kapir, iko hadi kisiwa cha Dolwe ndani ya Ziwa Victoria. Tangu 1997 Uganda imeiweka Nyero na wenzake kwenye orodha ya maeneo inayopendekeza kwa UNESCO. Mpaka unaotutenganisha hapa ni kitu kipya mno ukilinganisha na ukuta wa Nyero. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda likawa sehemu ya nchi ambayo leo ni Kenya, na tangu hapo wachoraji wa shule moja wamekuwa wakiandikwa kwenye vitabu viwili vya serikali mbili, huku kwa maumbo na kwa rangi Kakapel na Nyero ni nyumba moja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Msomi wa Uganda, Catherine Namono, aliyefanya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand nchini Afrika Kusini, alijiuliza michoro hii ina ndugu gani kwingineko. Hakutafuta majibu kwenye miamba peke yake. Aliangalia vitambaa. Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, Wambuti hutengeneza nguo za magome ya miti. Wanaume hukata gome na kuliponda kwa nyundo mpaka lilainike, kisha wanawake hulichora, kwa utomvu wa tunda uliochanganywa na makaa, mistari, vitone, nyavu na maduara. Namono aliona kwamba mwamba, gome na ngozi ya mwili ni nyuso zinazobadilishana nafasi kwa mchoro wa aina moja, na kwamba tunapoangalia Nyero ni lazima tuufikirie mkono wa mwanamke.

Akina mama, naomba mlisikie vizuri hilo. Tumezoea kudhani kwamba mchoro mkubwa ni wa ukutani, ni wa mwanamume, na kwamba kitambaa ni kitu kidogo cha kupambia kochi. Huenda hapa kwetu mambo yalikwenda pamoja tangu mwanzo, kitambaa na mwamba, na mwamba umebaki kwa sababu tu jiwe halioi. Tukilipeleka duara la Kakapel kwenye kitambaa, hatulishushi daraja. Tunalirudisha mahali ambapo ndugu zake bado wanaishi.

Tuangalie basi vitambaa tulivyo navyo. Ingia sebule yoyote ya heshima kuanzia Nambale hadi Nagongera. Kochi limefunikwa, meza imefunikwa, runinga imefunikwa, na mara nyingi ukutani kuna kitambaa kingine chenye maneno ya kumkaribisha mgeni au ya kumshukuru Mungu. Vingi vina waridi, bata maji, zabibu, au kikapu cha maua yasiyoota katika wilaya zetu. Ruwaza hizo zilitoka mahali. Mwaka 1886 Thérèse de Dillmont alichapisha ensaiklopidia yake kubwa ya kazi za sindano, akishirikiana na kiwanda cha nyuzi cha DMC cha Mulhouse, na vitabu vya namna hiyo vilisambaza maua yaleyale duniani kote kwa sababu kiwanda kilitaka nyuzi zake zinunuliwe. Shule za misheni zikafundisha darizi kwa wasichana. Kisha vikaja vikundi vya wanawake. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanza Kenya 1952, ilifundisha kushona na kufuma pamoja na mapishi na malezi.

Siyadharau maua hayo. Mama zetu walikaa jioni baada ya shamba, taa ya chemni imewashwa, wakashona waridi moja kwa wiki nzima, na kitambaa hicho kikaifanya nyumba ya udongo ionekane ina mwenyewe. Mkono uliojifunza waridi ndio huohuo utakaojifunza Kakapel, na bila mkono huo leo nisingekuwa na la kusema. Ninachodai ni kwamba mkono huo umepewa kazi ndogo kuliko uwezo wake.

Kuhamisha mchoro kutoka mwambani hadi kwenye nguo si kunakili, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu watu wengi hukosea mahali hapa kisha wakailaumu sindano.

Chukueni kroshia kwanza. Kitambaa cha mviringo cha kroshia huanzia katikati. Unafunga kitanzi, unaweka vishono sita vifupi, mzunguko wa pili unaongeza sita, wa tatu sita tena, na hivyo hivyo hadi mwisho. Ukitumia vishono virefu, unaanza na 12 na kuongeza 12. Usipoongeza, kazi inajikunja. Ukiongeza kupita kiasi, ukingo unapiga mawimbi. Maana yake ni kwamba kila kitambaa cha mviringo kilichofumwa Busia tayari ni maduara ndani ya maduara. Mfumaji anakuwa na umbo la Nyero mikononi bila kujua. Inabaki rangi tu. Mzunguko mwekundu, mzunguko wa rangi ya jiwe, mzunguko mwekundu tena. Ni kazi ya jioni mbili kwa anayeijua.

Lakini kroshia ina kasoro moja kwa kazi hii: ni nadhifu mno. Maduara ya mwambani yalichorwa kwa mkono huru, pengine kwa kidole. Mstari mmoja ni mnene upande wa kushoto na mwembamba kulia. Nafasi kati ya duara la pili na la tatu si sawa na ile ya kati ya la tatu na la nne. Mahali jiwe lina kovu, mstari umelizunguka. Huo ndio mwendo wa msanii, na ukiusawazisha kwa sahani au bikari umebaki na shabaha ya kulenga mishale. Kwa hiyo kwa wale wanaotaka uaminifu zaidi, napendekeza darizi ya mshono wa mnyororo, na mchoro uhamishwe kutoka kwenye picha kwa jicho na penseli, hata ukipinda. Aliyechora mwanzo naye alipindisha.

Mshono wa mnyororo hufuata mpindo vizuri, lakini una hesabu yake. Duara lenye upana wa sentimita 14 lina mzunguko wa sentimita 44. Kama kila pete ya mnyororo ni milimita nne, unahitaji pete 110. Duara la ndani lenye upana wa sentimita saba linahitaji 55 tu. Mwanafunzi anayeanza hupenda kufuata idadi ileile ya pete kila mzunguko, akibana kidogo kidogo, na akifika katikati kitambaa kimeinuka kama kofia. Mwalimu ambaye hajaieleza hesabu hii atasema mwanafunzi hana mkono. Ana mkono, hakuambiwa. Halafu shoneni kutoka nje kwenda ndani, kitambaa kikiwa kwenye fremu na kimekazwa, kwa sababu mvutano wa nje ndio unaoshika kazi nzima.

Mshono wa msalaba ni habari nyingine. Unakaa kwenye vyumba vya mraba, kwa hiyo duara huwa ngazi. Lenye misalaba 20 kwa upana bado jicho hulisoma kuwa la mviringo. Chini ya misalaba kumi hugeuka ua au boksi, na kazi yote imepotea. Kwa mshono huo ni bora ng'ombe wa Kakapel, ambaye ana mistari iliyonyooka zaidi, na pembe zake ndefu unaweza kuzipanda ngazi bila kumharibu.

Rangi. Nyekundu ya mwambani ilitoka kwenye udongo wenye chuma. Si nyekundu ya jezi. Dukani utapewa nyekundu inayong'aa, na ukiishona juu ya bafta nyeupe utapata kitu kinachofanana na bendera. Tia nyuzi mbili tofauti kwenye sindano moja, moja ya rangi ya matofali na nyingine ya kahawia iliyoiva, nazo zitachezeana kama rangi iliyopauka inavyocheza juu ya jiwe. Nguo ya chini nayo isiwe nyeupe. Nguo ya marekani ambayo haijapaushwa inafaa, au bafta iliyolowekwa kwenye chai ya rangi kisha ikasuuzwa. Kwa maduara meupe ya Nyero ulazima ni mkubwa zaidi, maana nyeupe juu ya nyeupe haionekani kabisa.

Wapo mtakaotaka kutumia lubugo, nguo ya gome la mutuba ya Waganda, ambayo utengenezaji wake ulitambuliwa na UNESCO 2005 na kuingizwa rasmi kwenye orodha ya urithi 2008. Ni wazo zuri na ni ghali. Lubugo huchanika pale sindano inapopita mara nyingi karibu karibu, kwa hiyo ibandikeni kwanza juu ya nguo ya pamba na mtumie mishono mirefu. Mchoraji Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi 1984, aliikuta lubugo ikiuzwa sokoni kwa watalii kama vitu vya kuwekea vikombe. Leo anachora kwa rangi za mafuta juu yake, na matundu na mishono ya lubugo ameyaacha yaonekane katika picha zinazoning'inia kwenye majumba makubwa ya sanaa duniani. Ameiheshimu nguo kwa kuiacha iseme. Wakenya wengine wawili wameenda mbali zaidi: Kaloki Nyamai hushona turubai zake kwa uzi, na Agnes Waruguru hutumia sindano na nguo kama wengine wanavyotumia brashi. Naye Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar 1954 na kupata tuzo ya Turner huko Uingereza 2017, alipita njia hiyo kwa upande wa pili, akaichukua kanga na kuifanya picha. Nawataja ili mshonaji wa Malaba asidhani kwamba anabisha mlango wa watu. Mlango uko wazi.

Hata hivyo kuna onyo la msanii mzee Elimo Njau, na ninalibeba kwa uzito. Mzee Njau alizaliwa Marangu, Tanzania, 1932, akasomea Makerere, na 1965 akaanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa huko Nairobi. Amefundisha maisha yake yote kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Wanafunzi wake walikatazwa kurudia kazi ya mtu. Je, anayeshona duara la Kakapel hanakili? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni kwamba inategemea ameuliza nini kabla ya kuanza. Akiuliza tu, duara hili litauzwa shilingi ngapi, amenakili, hata kama mishono yake ni safi. Akiuliza mstari huu ulikwenda upande gani, kwa nini umeachwa wazi hapa, na uzi wangu unaweza nini ambacho kidole chenye udongo hakikuweza, basi Mungu yuko macho.

Nitoe mifano miwili ya mchoro uliohamia kwenye nguo. Hamburg ni kijiji cha pwani katika Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini. Wanawake wa huko, wakiongozwa na daktari na msanii Carol Hofmeyr, walishona darizi ya Keiskamma yenye urefu wa mita 120, ambayo ilitundikwa katika Bunge la nchi yao. Umbo waliliazima kutoka darizi ya Bayeux ya Ufaransa ya karne ya 11, ile inayosimulia vita vya wafalme. Lakini ndani yake waliweka historia ya Waxhosa, na ng'ombe wao. Mwaka 2005 wakachukua picha ya madhabahu ya Isenheim ya Grünewald, wakaishona upya, na mahali pa watakatifu wakaweka mabibi wa kijijini kwao waliokuwa wakilea wajukuu yatima wa UKIMWI. Hiyo ndiyo tafsiri ya mchoro ninayoitaka hapa. Waliazima fremu, wakajaza maisha yao.

Mfano wa pili unaniumiza. Msanii wa Italia Alighiero Boetti alikwenda Kabul 1971, na kuanzia hapo hadi kifo chake 1994 alishonesha ramani za dunia, kila nchi ikiwa na rangi za bendera yake. Wanawake wa Afghanistan ndio walioshona, na vita vilipowafukuza kwao, kazi iliendelea Pakistan kwenye ukimbizi. Mara nyingine waliamua wenyewe rangi ya bahari kulingana na nyuzi zilizokuwapo, na zimebaki ramani zenye bahari ya rangi ya waridi ambazo ni nzuri ajabu. Ramani hizo leo ni mali ya majumba makubwa ya sanaa. Jina lililo ukutani ni la Boetti. Mwanamke aliyeipa dunia bahari ya waridi hana jina.

Sisi tuna hali ya kinyume: mchoraji wetu wa Nyero hana jina na hatalipata tena. Hilo ni jeraha tosha. Tusiliongeze kwa kumpoteza na mshonaji. Ninaomba kila kitambaa kitakachotoka kwenye vikundi vyetu kiwe na kipande cha nguo nyuma, kimeshonwa kwa mkono, chenye mambo matatu: mchoro umetoka wapi, nani ameuhamisha, nani ameushona. Kama aliyeuhamisha na aliyeshona ni mtu mmoja, liandikwe jina lake mara mbili, kwa sababu amefanya kazi mbili na alipwe kazi mbili.

Tukija kwa wachoraji walio hai na waliofariki karibuni, hapo kuna sheria, na ni vyema tuijue kabla ya kufika mahakamani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 na ile ya Uganda ya 2006 zote zinampa msanii haki juu ya kazi yake kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo. Haki hiyo inahusu pia kuigeuza kazi kuwa umbo jingine, yaani picha kuwa darizi. Kwamba umebadilisha rangi au umeacha mti mmoja hakukupi ruhusa. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru na kuchora Dar es Salaam kwa rangi za mafuta juu ya bodi za masonite, aliuawa 1972. Miaka yake 50 imekwisha, na chui wake mwenye madoa na mistari myeusi minene anafaa sindano kuliko picha yoyote niijuayo. Lakini wachoraji waliomfuata, wanaoendeleza mtindo wake hadi leo, kazi zao ni zao. Usichukue picha ya mchoraji wa jana ukasema ni Tingatinga wa 1970.

Na tunaye mkubwa mwingine wa karibu. Gregory Maloba alizaliwa 1922 magharibi mwa Kenya, akavuka kwenda kusoma Makerere kwa Margaret Trowell, akafundisha huko, na ndiye aliyeunda Mnara wa Uhuru ulioko Kampala, wa 1962: umbo refu lililoviringishwa kama kwa vitambaa, likimwinua mtoto juu mikono wazi. Mikanda ile ya nguo iliyoviringwa inaiita sindano kwa sauti. Ningependa sana kuiona imeshonwa kwa nyuzi nene za kijivu. Lakini haki za Maloba bado ziko hai, na anayetaka kufanya hivyo aanze na barua kwa familia, si na uzi. Barua moja, ukurasa mmoja: nataka kushona kazi hii, vipande vingi kiasi hiki, kwa bei hii, na sehemu hii ya mapato itakuwa yenu. Wengi huogopa kuandika kwa sababu wanadhani watakataliwa. Mchoraji hukasirika zaidi anapoikuta kazi yake sokoni bila salamu kuliko anapoombwa.

Kwa michoro ya mwambani hakuna familia ya kuandikiwa, lakini kuna walinzi. Kakapel iko chini ya Makavazi ya Taifa ya Kenya, na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazitambua jamii kuwa wenyewe wa urithi wao, na inataka ridhaa yao kabla ya mtu wa nje kuutumia kibiashara. Mtaniuliza: Iteso hawakuchora maduara ya kale, watakuwaje wenyewe? Ni kweli. Lakini wao ndio walioyatunza, hawakuyakwangua wala kuvunja mwamba ule kuwa kokoto, na wao ndio wanaokusanyika Kakapel kila wanapofanya tamasha la utamaduni wao, kutoka Kenya na kutoka Uganda. Aliyetunza ana neno. Batwa nao wana neno, na kwa kuwa hawapo hapa kulisema, inatupasa angalau kuandika jina lao kwenye kile kipande cha nyuma.

Mkienda kuangalia, msiguse ukuta. Mafuta ya vidole huila rangi. Msiumwagie maji mwamba ili rangi iwake kwenye picha, jambo ambalo limefanywa sehemu nyingi na limeharibu, na msifuatishe mistari kwa chaki. Pigeni picha asubuhi au jioni, jua likiwa limelala.

Kuhusu soko nitasema machache, kwa kuwa mnalijua kuliko mimi. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wa bidhaa za kwetu usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha asili, na tangu kituo cha pamoja cha mpaka kizinduliwe rasmi hapa Busia 2018 karatasi hushughulikiwa sehemu moja. Mwanamke wa Tororo na wa Busia wanaweza kushona seti moja kwa pamoja, yule maduara ya Nyero, huyu ng'ombe wa Kakapel, na kuiuza Kisumu au Jinja. Mashine za kompyuta zinazoshona nembo za sweta za shule zitaweza kulitoa duara hilo kwa dakika chache, na zitatoa. Tusipigane nazo kwa bei. Tupigane nazo kwa ule mstari uliopinda na kwa jina lililo nyuma.

Limebaki jambo moja, na sitalimaliza mimi. Nyero na baadhi ya miamba hii ilikuwa mahali pa kuombea. Watu walipeleka chakula na pombe, wakaomba mvua, wakaomba watoto. Sasa tukishona duara lile kwenye mto wa kochi, mgeni atalikalia. Vijana mnaweza kuona ni jambo dogo. Mimi naona si dogo, na nimewasikia wazee wakinyamaza kila linapotajwa, ukimya ambao si wa kukubali. Pendekezo langu, mpaka wazee wa Iteso wa pande zote mbili wakae na kutoa kauli, ni kwamba duara likae mezani, ukutani, begani kwenye shali, na kwenye kitambaa cha kufunikia chakula cha wageni. Kwa mito ya viti na mazulia ya mlangoni tushone ng'ombe, na hata huyo tuombe ruhusa kwanza.